Elimu Haina Mwisho: Ramani ya Ziwa Moja na Mashine Isomayo

Muhula uliopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa mwaka wa pili kuhusu uchumi wa uvuvi katika Ziwa Victoria. Insha ilikuwa nadhifu, lugha yake imenyooka, na ilikuwa na jedwali. Katika jedwali hilo mwandishi aliorodhesha samaki wadogo watatu wanaovuliwa kwa wingi ziwani: dagaa, omena na mukene. Kila mmoja alikuwa na safu yake na maelezo yake, kana kwamba ni viumbe watatu mbalimbali. Nilimwita ofisini. Nilifahamu kuwa mama yake anafanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, hapa hapa Mwanza, na kwamba ada ya binti huyu inatoka katika magunia hayo. Nikamuuliza omena ni samaki gani. Akasita, kisha akajibu, "Mwalimu, niliuliza mashine."

Omena ni dagaa. Ndivyo wanavyomwita Wajaluo, na mukene ndivyo wanavyomwita Waganda. Wanasayansi humwita Rastrineobola argentea. Ni samaki mmoja, katika ziwa moja, mwenye majina mengi kwa sababu ziwa lina watu wengi. Mama yake angeweza kumweleza hayo kwa nusu dakika, huku anapepeta dagaa. Sikumkaripia binti, kwa maana kosa lake ni kosa la kizazi, na mimi mwenyewe nimo katika kizazi hicho. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mashine hiyo ilijifunza wapi habari za ziwa letu? Na imekuwaje tukaiamini kuliko mama aliyeketi mwaloni miaka ishirini?

Maswali haya yanahitaji historia. Nayo, ndugu msomaji, ni historia iliyokwisha kupita katika mwambao wetu zaidi ya mara moja, kabla kompyuta haijabuniwa.

Mashine iliyopewa kazi ya kusoma

Mwaka 1984 mtaalamu wa Kimarekani, Douglas Lenat, alianzisha mradi ulioitwa Cyc. Nia yake ilikuwa kuifundisha kompyuta yale mambo ambayo kila mtu mzima huyajua bila kufundishwa: kwamba mama ana umri mkubwa kuliko mwanawe, kwamba aliyekufa hanunui viatu, kwamba maji hulowesha. Watu waliajiriwa kuyaandika mambo hayo kwa mkono, moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilichukua miongo, na kila walipodhani wanaukaribia mwisho waligundua kuwa dunia ina mambo mengi kuliko makarani.

Ndipo likaja wazo jingine: badala ya kuilisha mashine, iachwe ijisomee. Mnamo Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Tom Mitchell na wenzake walizindua mfumo walioupa jina la NELL, kifupi cha maneno yanayomaanisha mwanafunzi wa lugha asiyekoma kujifunza. Mfumo huo ulisoma kurasa za intaneti usiku na mchana, bila likizo wala Jumapili. Ulianza na mamia ya makundi ya vitu, kama vile miji, makampuni, wanyama na wachezaji, na kila kundi likawa na mifano michache, kumi au kumi na mitano hivi. Kutokana na mifano hiyo uliotea namna watu wanavyovitaja vitu vya kundi husika. Ukikuta mara nyingi maneno kama "miji kama vile Mwanza na Bukoba," utajifunza kwamba kinachofuata baada ya "miji kama vile" aghalabu ni mji. Kisha utaitumia njia hiyo kupata miji mipya, na miji mipya kupata njia mpya za kuitambua miji. Kila ulichojifunza kilikuwa chambo cha kuvulia kingine.

Kufikia Oktoba 2010 mfumo huo ulikuwa umekusanya mambo yapatayo 390,000, na waliousimamia walikadiria kuwa asilimia 87 yalikuwa sahihi. Mwaka 2015 waliandika kwamba ghala lake lilikuwa na zaidi ya milioni 80. Neno walilolitumia kuviita vitu hivyo linastahili heshima: waliviita imani. Kila imani ilipewa uzito wake, kulingana na jinsi mashine ilivyokuwa na uhakika nayo, na iliwezekana kuuliza imetoka wapi.

Makosa yake nayo yanafundisha. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa biskuti zinazookwa na pia kwa yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha ndani ya kompyuta ya mgeni wake. NELL iliyasoma yote mawili, ikayaweka mafaili hayo katika kundi la vitu vinavyookwa. Hilo peke yake lingekuwa jambo la kuchekesha. Lakini mashine ilikuwa imekwisha kuambiwa kwamba ilichokijua kiwe mwalimu wa inachokitafuta. Kwa kuwa watu huandika kwamba wamefuta biskuti hizo, na huandika pia kwamba wamefuta mafaili, mafaili yote ya kompyuta yakaanza kuingia katika kapu la mikate. Kosa moja lilizaa ukoo. Baada ya miezi kadhaa ya kuiacha ijiendee yenyewe, wataalamu walilazimika kuingia kati, kuketi mara kwa mara na kuing'oa mizizi ya makosa ya namna hiyo.

Mambo mawili nataka msomaji ayashike hapa. Kwanza, mashine iliamini kilichorudiwa: jambo lililotajwa mahali pengi na kwa njia nyingi lilipata uzito, na jambo lililotajwa mara moja tu lilibaki mlangoni, hata kama lilikuwa kweli tupu. Pili, ilisoma Kiingereza. Juhudi za kuifundisha Kireno zilifuata, lakini Kiswahili hakikuwa katika meza hiyo.

Ramani ya 1855

Sasa turudi nyuma miaka mia moja na hamsini na zaidi, hadi Rabai na Tanga. Wamisionari wawili Wajerumani waliotumikia shirika la misheni la Uingereza, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walitaka kujua kilichoko bara. Hawakuwa na uwezo wa kufika huko. Walichoweza kufanya ni kusikiliza. Erhardt alikaa Tanga akiwahoji watu wa misafara: wapagazi, wafanyabiashara, watumwa waliochukuliwa bara. Mtu aliyetoka kwa njia ya Pangani alimwambia kwamba mwisho wa safari aliona maji makuu. Aliyepita katikati ya nchi alisema vivyo hivyo. Aliyetoka pande za Kilwa naye alisema amefika kwenye maji makuu. Na majina yao yalifanana, kwa sababu nyanza, nyanja na nyasa ni neno moja katika vinywa vya makabila mbalimbali, na maana yake ni ziwa.

Mashahidi wengi, njia nyingi, jambo moja. Wamisionari wakahitimisha kwamba bara kuna bahari moja kubwa mno, na mwaka 1855 wakaichora. Ramani ilifika London na kuchapishwa mwaka uliofuata. Lile ziwa lao lilianzia karibu na Ikweta, likashuka kusini nyuzi nyingi, likiwa nene huku na jembamba kule, hata Waingereza wakalicheka kwamba limefanana na konokono asiye na gamba. Maziwa matatu tunayoyajua leo, la Victoria, Tanganyika na Nyasa, yalikuwa yamemezwa na moja.

Sisemi hivi ili kuwadharau wazee hao. Walifanya kwa uangalifu kile ambacho mashine ya Pittsburgh ilikuja kukifanya: walikusanya maneno ya wengi, wakayapima kwa wingi wa marudio, wakatoa hitimisho. Kosa lao ni lile lile la biskuti. Jina moja lilidhaniwa kuwa kitu kimoja. Na kosa la mwanafunzi wangu ni sura ya pili ya kosa hilo: majina matatu yalidhaniwa kuwa vitu vitatu.

Tena kuna jambo la ajabu katika habari za Rebmann. Mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro kwa macho yake, akaandika kwamba kileleni kuna theluji. Huko London mwanajiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii, alimbishia kwa miaka mingi. Ushahidi wa macho ya mtu mmoja ulikataliwa. Uvumi wa watu wengi ulipata karatasi, rangi na mchapishaji.

Ni nani aliyelirekebisha kosa la ziwa moja? Shuleni tulifundishwa kwamba ni wapelelezi. Ramani hiyo ndiyo iliyochochea Chama cha Kijiografia cha London kuwatuma Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani mwaka 1857. Lakini hata kabla Speke hajaliona ziwa letu, jibu lilikuwa limekwisha kutolewa huko Kaze, karibu na Tabora ya leo. Huko waliishi wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wamezunguka bara kwa miaka, na mmoja wao, Snay bin Amir, aliwaeleza wageni kwamba maziwa ni matatu, kila moja mahali pake, na kwamba lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Wageni wenyewe waliyaandika hayo katika vitabu vyao. Mtu mmoja aliyekuwa karibu na jambo alivunja, katika mazungumzo ya barazani, ramani iliyojengwa kwa ushahidi wa makumi ya watu waliohojiwa mbali nalo.

Speke akaenda kaskazini, huku Burton akiwa amebaki Kaze. Alifika Mwanza mapema Agosti 1858, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao. Akakaa siku chache, hakulizunguka ziwa, akalipa jina la malkia wake, kisha akageuka. Mzunguko kamili ulifanywa na Stanley mwaka 1875, kwa mashua iliyoanzia Kageye, si mbali na hapa nilipo. Leo ukiuliza mashine yoyote ni nani aliyelivumbua Ziwa Victoria, utapewa jina la Speke bila kusita, maana sentensi hiyo imerudiwa katika vitabu, kamusi elezo na mitihani isiyohesabika. Jina la Snay bin Amir utalipata ukilitafuta kwa kuhimiza. Majina ya Wasukuma na Wakerewe waliosimama kilimani wakimwonesha Speke upande wa visiwa hutayapata kabisa. Walikuwa wakizungumza, na hakuna aliyeandika.

Daraja la tatu halikuwa na orodha

Wengine watasema: hayo yalikuwa ya karne ya 19, sasa tunaandika. Ni kweli, tunaandika. Lakini kuandika ni jambo moja, na kuingia katika kisomwacho ni jingine.

Chukua mfano wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya ndefu katika Kikerewe, iliyohifadhi ndani yake kilimo, uvuvi, dawa, ndoa, misiba na adabu za watu wake kabla ya ukoloni. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapisha kitabu katika lugha ya kisiwa. Ilimbidi aitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo, inayohusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kiingereza, kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika ambaye naye ni mwana wa Ukerewe, kilifuata mwaka 2002.

Hebu fikiri. Mtu mmoja alifanya kazi ambayo taasisi nzima ingejivunia: alikusanya mambo ya hakika kuhusu jamii yake, kutoka ndani, kwa lugha yake. Ilichukua miaka 35 kuchapishwa. Mashine isomayo intaneti inaweza kukueleza kwamba kitabu kipo, kwa sababu Kiingereza kimesema kipo. Kilichomo ndani yake, majina ya mitego, namna ya kupokea mgeni, maneno ya kumtuliza mgumba, kiko katika makaratasi ambayo maktaba nyingi za wilaya hazina.

Kuna mfano mwingine, na ninauandika kwa uzito. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Kila mwaka jamaa wa marehemu hukusanyika katika makaburi ya Igoma. Ukiuliza ni wangapi waliokufa, utapata hesabu zinazotofautiana kwa mamia. Sababu si fumbo. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliolipa nauli ndogo walipanda bila kuandikwa, na walipokufa hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba walikuwamo.

Mashine itakayosoma habari za siku ile itaikuta idadi fulani imerudiwa zaidi ya nyingine, itaichukua, na itaitamka kwa sauti ya mtu aliyeziona hesabu. Haitasema kwamba chini ya nambari hiyo kuna watu ambao hawakuandikwa. Mifumo ya leo, hii inayojibu kwa ufasaha na ambayo imeenea tangu mwisho wa 2022, imeiacha hata ile tahadhari ya NELL. NELL iliita hazina yake imani, ikazipa mizani, ikaweka kumbukumbu ya chanzo. Akili mnemba ya leo imesoma maandishi mengi maradufu, lakini haitunzi ghala la imani mojamoja unaloweza kulikagua. Inajua namna sentensi za watu zinavyofuatana. Inapokosea, inakosea kwa Kiswahili fasaha, na Kiswahili fasaha ndicho kilichomponza mwanafunzi wangu. Isitoshe, katika maandishi ambayo mifumo hiyo huvunwa kutoka kwayo, Kiswahili ni chini ya asilimia moja, ilhali Kiingereza pekee hukaribia nusu. Kisukuma, lugha ya mamilioni ya watu wanaolizunguka jiji hili, ni kama hakipo.

Mwanza ilipojifunza kusoma

Nisingependa msomaji aondoke hapa akidhani kwamba sisi tumekuwa watu wa kusomwa tu. Mji huu una historia yake ya kusoma, na ni historia inayotupa kipimo.

Sensa ya 1967 ilionesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1968, kwa ushirikiano wa serikali na UNESCO, ulianzishwa mradi wa majaribio wa kisomo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Ulikuwa mmoja wa miradi michache ya aina hiyo duniani, na msingi wake uliitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba. Mvuvi alijifunza kwa kitabu cha uvuvi. Wa Kagera alikuwa na migomba yake, mfugaji mifugo yake, na akina mama, ambao ndio waliojaza madarasa mengi, walikuwa na maarifa ya nyumbani. Mwaka 1970 ukatangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mwalimu Nyerere akaitaja Ukerewe miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga kabla ya nchi nyingine. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionesha kwamba wasiojua kusoma wameshuka hadi asilimia 39, na kwa takwimu za serikali za 1986 walikuwa chini ya asilimia 10.

Katika miaka ile ya 1970, kwa ajili ya wasomaji hao wapya wa Kanda ya Ziwa, lilianzishwa gazeti la vijijini. Jina lake lilikuwa Elimu Haina Mwisho. Zaidi ya miaka thelathini baadaye wataalamu wa Pittsburgh waliipa mashine yao jina lenye maana ile ile, bila shaka bila kujua kwamba wakulima wa Kwimba na Geita waliwatangulia.

Lakini ona tofauti. Mkulima aliyesoma kwamba pamba ipandwe kwa mistari alikuwa na shamba. Alisoma, akabishana na wenzake chini ya mwembe, akajaribu, akavuna au akakosa, kisha akaamua kama kitabu kimesema kweli. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili, ilifuata utaratibu huo huo: kikundi kinasikiliza redio, kinasoma kijitabu, kinajadili, kisha kinachimba choo. Maandishi yalipewa nafasi ya kupingwa na udongo. Mashine haina shamba, wala haina mwembe wa kukaa chini yake. Ina maandishi tu, na maandishi yakipingana huyapima kwa marudio yake na kwa muktadha wake, kamwe si kwa kushika jembe. Kwa hiyo sehemu ya kazi iliyofanywa na udongo haina budi kufanywa na watu.

Tusifiche pia kwamba kisomo kile kilikuwa na upungufu wake. Kilikuwa cha Kiswahili pekee, na vitabu vilitungwa na maofisa zaidi kuliko wakulima. Watu walifundishwa kusoma kuliko walivyofundishwa kuandika. Kijiji kilipokea kitabu cha pamba, lakini hakikuombwa kutunga kitabu cha pamba. Deni hilo ndilo tunalolilipa leo. Wasomaji tunao kwa mamilioni, na mwambao bado haujaandikwa.

Siasa ya kisomwacho

Hapa suala linaacha kuwa la wataalamu wa kompyuta na kuwa letu sote. Mashine isomayo haiwezi kusoma kilichozuiwa, kilichofungiwa kabatini, wala kilichoogopwa kuandikwa. Kwa hiyo sheria zetu za leo za habari ndizo zinazoandaa majibu ya mashine ya kesho.

Mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka kila mwenye blogu kusajiliwa na kulipa ada zilizozidi shilingi milioni mbili. Mwezi Juni mwaka huo JamiiForums ilijifunga kwa muda, na waandishi wengi wadogo waliacha kuandika. Septemba mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 2019, na ada za mtandaoni nazo zimepunguzwa katika marekebisho yaliyofuata. Nashukuru kwa marekebisho hayo. Lakini ukimya wa miaka ile hauwezi kurekebishwa kwa tangazo la serikali. Insha ambazo hazikuandikwa mwaka 2018 hazitasomwa na mtu wala mashine. Mahali pao pamejazwa na walioandika kutoka mbali, na aliye mbali, kama tulivyoona Tanga, huchora ziwa moja.

Waliotuona kutoka mbali hawakukosa. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara wa Mwanza ilizunguka dunia na kupata tuzo, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaipinga hadharani. Yapo ya kweli katika filamu ile, na yapo ya kubishaniwa. Ninachosema ni kwamba kwa watu wengi wa Ulaya ikawa ndiyo Mwanza yenyewe. Tuliijibu kwa hotuba. Nani aliijibu kwa kitabu, kwa utafiti uliowekwa wazi, kwa maelezo ya wachakataji na wavuvi wenyewe? Hotuba husahaulika, na kilichoandikwa hubaki kikisomwa.

Ndugu zangu watumishi wa umma, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Mihtasari ya vikao vya halmashauri, taarifa za vikundi vya usimamizi wa mialo, kumbukumbu za vyama vya ushirika vya pamba vilivyolifanya jina la Paul Bomani lijulikane, vyote hivyo ni maandishi ya umma. Vikiwekwa wazi kwa Kiswahili vitasomwa na wananchi kwanza, na mashine zitafuata. Wanaharakati, mnapokusanya shuhuda za watu, ziwekeni kwa lugha waliyoisema, msibakize ripoti ya Kiingereza ya mfadhili peke yake. Juhudi zipo za kuungwa mkono: Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu 2003, na watafiti vijana wa Kiafrika waliojikusanya katika Masakhane wanaandaa maandishi ya lugha zetu kwa ajili ya kompyuta. Kwa miaka mingi moja ya hazina kubwa za maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya kompyuta ilikuwa Helsinki, kwa kazi ya Arvi Hurskainen. Tunamshukuru. Lakini si fahari kwa Mwanza kwamba Ufini ilitangulia.

Niwageukie wanafunzi. Sikuwakataza kuuliza mashine, na sitawakataza. Nawaomba muifanyie kile ambacho Burton na Speke walilazimika kuifanyia ramani ya konokono: muibebe hadi kwa mtu aliyekaa karibu na jambo, mumsomee, na mumsikilize anapocheka.

Binti yule nilimrudishia insha bila alama. Nilimpa kazi moja: aende Kirumba, akae na mama yake na wenzake siku tatu, aandike kila jina la dagaa wanalolijua, namna wanavyoanikwa, bei ya gunia na wanakopelekwa. Alirudi na kurasa 19. Zimo habari ambazo sijazikuta katika kitabu chochote, na katika ukurasa wa kwanza ameandika kwamba mama yake alimuuliza kwa nini hakuja kumuuliza mapema. Nimemwomba ruhusa ya kuzichapisha. Amesema atamuuliza mama kwanza.